Mtafiti Mpya wa Usanifu Majengo na Majina ya Nyumba ya Mswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa usanifu majengo hufunzwa kwa miaka kadhaa kuchora kitu ambacho bado hakipo. Nyumba anayoichora ni ya kesho. Mwenyewe ndiye anayeipanga, ndiye anayeamua chumba kipi kiwe wapi na kiitwe nini. Anapohitimu shahada ya kwanza na kujiunga na masomo ya uzamili au uzamifu kwa njia ya utafiti, mambo hugeuka. Sasa anatakiwa aeleze nyumba iliyokwisha kujengwa, tena na watu ambao aghalabu hawakuacha mchoro wowote. Majina ya vyumba hayamo tena mikononi mwake. Yamo vinywani mwa watu.

Makala haya yananuia kueleza ni kwa nini majina ya sehemu za nyumba ni ushahidi wa kimsingi kwa mtafiti mpya anayechagua kuchunguza nyumba za mawe za pwani ya Kenya, na ni kwa jinsi gani ushahidi huo unaweza kumpotosha akiuokota kwa pupa. Mifano mingi imetolewa Lamu, maadamu huko ndiko nyumba za aina hiyo zilikosalia kwa wingi zikiwa zingali zinakaliwa, na ndiko zilikochunguzwa zaidi. Suala hili linawahusu wasanifu, lakini kama itakavyodhihirika, haliwezi kutatuliwa na wasanifu peke yao.

Anayeanza na waliomtangulia

Ufundishaji wa usanifu majengo katika elimu ya juu nchini Kenya ulianza mwaka 1956, katika chuo cha ufundi ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu hapo lugha ya michoro na ya tasnifu imekuwa Kiingereza. Anayeanza utafiti leo hupitia hatua zinazojulikana: huandika pendekezo la utafiti, hupewa msimamizi, huomba kibali kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na ikiwa anataka kufanya kazi katika magofu au majengo yaliyohifadhiwa, hubisha hodi kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya. Katika hatua zote hizo hakuna anayemuuliza kama anakielewa Kiamu. Matokeo yake ni kazi yenye michoro ya kupendeza na vipimo vya uhakika, na nyuma kabisa, baada ya marejeleo, orodha ya maneno kumi au kumi na mawili ya Kiswahili yaliyowekwa hapo kama mgeni aliyefika arusini baada ya pilau kwisha.

Waliotangulia hawakuwa na mkondo mmoja. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuingia katika akiolojia, alichapisha mwaka 1966 uchunguzi wa majengo ya kale ya Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Alipima magofu, na gofu halisemi jina lake. Usam Ghaidan, msanifu aliyefundisha Nairobi, alitoa kitabu chake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975. Yeye alikuta nyumba zenye watu, na kwa hivyo michoro yake ilibeba majina waliyoyatumia wenyeji. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1979 kuhusu dhana za kitamaduni zilizofichika katika ramani ya nyumba ya Mswahili. Linda Donley naye alikamilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1984, akichunguza nyumba hizohizo kama chombo cha mamlaka na cha kutenganisha watu. Kutoka Garlake hadi Donley, maneno ya wenyeji yalitoka pambizoni yakasogea katikati ya hoja. Mtafiti mpya anayarithi maneno hayo yakiwa tayari yamechapishwa, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa neno lililochapishwa huonekana kana kwamba limekwisha kufasiriwa.

Kuingia nyumbani

Nyumba ya mawe ya Lamu, ya aina iliyostawi katika karne ya 18, huingiwa kupitia daka, yaani kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango, chenye viti vya mawe pande mbili. Wageni wengi waliishia hapo. Ukipita mlango unakuta tekani, ukumbi mdogo wa ndani uliopindishwa ili anayepita njiani asione yaliyo mbele. Kisha huja kiwanda, kilicho wazi juu, na kutoka kiwandani hupangwa vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na mwisho nyumba ya kati. Mgeni wa kulala alipewa sabule, yenye njia yake, asije akapita katikati ya familia. Jiko lilikuwa juu darini, chini ya paa la makuti, likiitwa kidari cha meko. Na pale ambapo nyumba mbili za watu wa ukoo mmoja zilitazamana, chumba kilichopita juu ya njia na kuziunganisha kiliitwa wikio. Wanawake waliweza kutembeleana bila kukanyaga barabara.

Sasa na achukuliwe mtafiti aliyelelewa na Kiswahili sanifu, au aliyejifunza Kiswahili shuleni Nairobi, akisoma majina hayo. Neno la kwanza litakalomkwaza ni kiwanda. Katika sanifu, kiwanda ni mahali pa mitambo na uzalishaji. Akilikuta katika mahojiano aliyorekodi, anaweza kudhani kwamba nyumba hiyo ilikuwa na karakana ya kufuma nguo. Mwanafunzi wa isimu ya lahaja hana shida hapa. Anajua kwamba pale ambapo Kiunguja kina nj, Kiamu mara nyingi kina nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Kiwanda cha nyumba ya Lamu ni sawa na kiwanja: uwanja wa ndani ya nyumba, wenye mwanga na hewa.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu halionekani kuwa kosa. Tini na yuu ni chini na juu. Hilo kila mtu anaweza kulikisia. Mtafiti atafasiri msana wa tini kuwa sebule ya chini na msana wa yuu kuwa sebule ya ghorofani, na kwa msanifu tafsiri hiyo inaleta maana kamili. Lakini misana yote miwili imo katika ghorofa ileile. Kinachotofautiana ni sakafu. Katika nyumba hizi kila chumba cha ndani zaidi huinuliwa kidogo kupita kile kilichokitangulia, kwa kidato kimoja tu pengine. Kwa hivyo yuu maana yake ni mbele zaidi kuelekea undani, mbali zaidi na njia, na karibu zaidi na mahali pa staha. Anayeenda ndani anapanda. Mchoro wa mkato utaonyesha tofauti hiyo ya sentimita chache, na msomaji asiyejua jina ataipuuza kama kasoro ya fundi. Jina linamwambia kwamba ilikuwa makusudi.

Nyumba ya kati nayo haiko katikati. Iko mwisho kabisa. Kati hapa ni undani, na nyumba ni chumba kimoja, si jengo zima. Vyumba hivi vya nyuma, ndani na nyumba ya kati, ndivyo vilivyohusishwa na uzazi na kuoshwa kwa maiti. Anayeandika kwamba ni vyumba vya kulala hajasema uongo, ila amesema kidogo mno.

Madaka ya Pate

Kuna ushahidi mwingine wa majina haya ambao msanifu hawezi kuukuta kwa kupima kuta. Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi anaitazama Pate iliyokuwa ya fahari na sasa imebaki mahame. Wanafunzi wa fasihi hulisoma tungo hili kama mawaidha juu ya ulimwengu unaopita, na hawakosei. Lakini mshairi hatoi mawaidha hewani. Anamtembeza msomaji ndani ya nyumba. Anataja madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure, ambayo sasa ndege wa mwituni wamefanya malazi. Anataja nyumba kati, anataja kumbi za msana, na kila sehemu anaipa mdudu au mnyama aliyeihamia. Yaani miaka zaidi ya 150 kabla ya Ghaidan kuchora ramani zake, majina kadhaa ya ramani hizo yamo katika ubeti.

Hii ni faida kubwa kwa mtafiti, kwa sababu jiwe linaweza kukadiriwa umri lakini haliwezi kusema liliitwaje. Utenzi unasema. Hata hivyo unahitaji kusomwa na anayejua. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba msana ni mchana uliokosewa na mwandishi wa mswada. Haiwezekani: mchana katika Kiamu ni mtana, kwa kanuni ileile inayoifanya chini kuwa tini. Msana ni neno lake peke yake, na mtu aliyeingia katika nyumba ya Lamu analijua bila kamusi.

Daka lenyewe lina kitendawili. Katika ramani, daka ni kibaraza cha mlangoni. Katika utenzi, madaka ni matundu ya ukutani yanayowekwa vyombo. Wingi wa kidaka kwa Kiamu ni zidaka, kama vile vitu vilivyo zitu, na zidaka ndilo jina maarufu la ule ukuta wa chumba cha ndani uliojaa vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, safu juu ya safu. Je, ni neno moja au mawili? Yaelekea ni moja. Daka ni mahali palipoingizwa ndani ya unene wa ukuta, pakawa pana kivuli na kina: likiwa kubwa hukaa watu, likiwa dogo hukaa sahani. Anayeliona hivyo atagundua kwamba nyumba huanza na daka mbele ya mgeni na kumalizikia na zidaka mbele ya mwenye nyumba, na kwamba unene wa kuta za matumbawe ulikuwa mali ya kutumiwa, si uzito wa kubebwa tu. Hoja hiyo ni ya usanifu, lakini imepatikana kwa njia ya mofolojia.

Si sadfa kwamba Allen, kabla ya kuandika juu ya nyumba mwaka 1979, alikuwa amechapisha mwaka 1977 toleo lake la Al-Inkishafi. Ni vigumu kuamini kwamba kazi ya kwanza haikuifungulia mlango ya pili.

Miti inayojitaja vipimo

Majina ya vifaa yana manufaa ya aina nyingine. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe: yale yaliyochimbwa nchi kavu kwa ajili ya mwili wa ukuta, na yale yaliyokatwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajawa magumu, kwa ajili ya fremu na nakshi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Dari zilibebwa na miti ya mikoko.

Wafanyabiashara wa mikoko wa Lamu hawauzi mti tu. Huuza fito, pau, mazio, boriti au nguzo, na kila jina ni unene. Fito ndizo nyembamba, pau huzidi, mazio huzidi pau. Boriti huwa na kipenyo cha baina ya sentimita 11 na 14 hivi, na nguzo ni nene kuliko hizo. Fundi anayesema boriti amekwisha kutaja kipimo, wala hahitaji futi kamba. Na kwa kuwa boriti ikizidishwa urefu hupinda chini ya uzito wa sakafu ya mawe na chokaa, upana wa chumba hauvuki sana baina ya mita 2.5 na 3. Ndiyo sababu misana ni mirefu na myembamba. Watafiti wapya wengi hutafuta siri ya wembamba huo katika dini au katika ushawishi wa Uarabuni kabla ya kuuliza mti una nguvu kiasi gani. Siri yenyewe imesimama bandarini ikisubiri kupakiwa jahazini.

Mafundi wa zamani walipima pia kwa mwili: shibiri, dhiraa au mkono, na pima. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja. Msanifu anayepima kwa milimita hupata tarakimu zisizo na mpango. Akizigawa kwa mkono wa fundi, huenda mpango ukajitokeza. Huenda usijitokeze vilevile, kwani mikono hailingani, na hili lazima lijaribiwe nyumba kwa nyumba.

Jina lina umri na lina mwenyewe

Hadi hapa neno limeonekana kuwa rafiki. Lakini mtafiti anayeliamini kupita kiasi ataangukia upande wa pili.

Kwanza, neno lililosikiwa katika karne ya 20 kuhusu nyumba za karne ya 18 si ushahidi kuhusu nyumba za karne ya 14. Kwa muda mrefu ramani ya Lamu ilichukuliwa kuwa ufunguo wa kila gofu la pwani, kutoka Shanga hadi Kilwa: chumba cha mwisho kikiitwa ndani, kikapewa staha yake yote, na nyumba nzima ikaelezwa kuwa ngome ya faragha. Stephanie Wynne-Jones, katika makala yake ya mwaka 2013 yaliyotokana na kazi ya Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, alionyesha kwamba nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 huko zilikuwa na maisha ya hadharani zaidi ya ilivyodhaniwa. Vitu vilivyosalia sakafuni vilielekeza kwenye kazi, mapokezi na shughuli za biashara. Kwa hakika hakuna anayejua wakazi wa Songo Mnara waliviitaje vyumba vyao. Kuviandikia ndani na msana juu ya ramani ni kuwatilia maneno kinywani wafu.

Pili, kila neno lina aliyelisema. Majina yaliyochapishwa tangu 1975 yalitoka kwa kiasi kikubwa katika nyumba za matajiri wa Mkomani, mtaa wa mawe upande wa kaskazini wa Lamu. Nyumba hizo zilijengwa na kuhudumiwa na watumwa. Katika zile za ghorofa, familia iliishi juu, na chini palikuwa maghala na malazi ya watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na nyumba nyingi zilibadilika baada ya hapo, maana nyumba inayohitaji watumishi wengi haikaliki bila wao. Lakini angalia orodha ya majina iliyotajwa juu: sehemu za bwana zina majina sita au saba, kila moja likiwa na daraja yake. Sehemu ya chini haina. Je, haikuwa na majina, au waliokuwa nayo hawakuulizwa? Donley ndiye aliyelikaribia zaidi swali hili, alipoitazama nyumba kama mpaka baina ya muungwana na mtumwa, na baina ya mwanamume na mwanamke. Orodha ya majina ya wenyeji, ikichukuliwa bila kuuliza ya nani, hugeuka kuwa sauti ya mwenye nyumba pekee.

La tatu ni dogo lakini huharibu kazi nyingi. Kiamu si Kisiu wala si Kipate, na Mombasa ina yake. Anayekusanya majina Siu na kuyaandika katika ramani ya nyumba ya Lamu amechanganya vitu viwili, hata kama funguvisiwa ni moja.

Kazi iliyobaki

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Tangu hapo kuta zimepata walinzi na kanuni. Maneno hayakupata. Nyumba kadhaa zimenunuliwa na watu wa mbali zikafanywa nyumba za wageni. Kiwanda kimewekewa meza na maua, zidaka zimewekewa taa, na vyumba vimepewa majina ya kuvutia wasafiri. Ukuta uliohifadhiwa vizuri namna hiyo unaweza kuwa bubu kabisa.

Kwa mtafiti wa usanifu anayeanza, jambo la kufanya si gumu kulieleza. Aandike jina la mahali juu ya mchoro kama lilivyotamkwa, bila kulisanifisha na bila kulifasiri, na pembeni aandike ni nani aliyelisema: mwanamume au mwanamke, mwenye nyumba au mpangaji, fundi mwashi au mpishi, wa Mkomani au wa Langoni. Aulize chumba kimoja kwa watu wanne na asishangae akipata majina matatu. Tofauti hizo asizifute ili ramani ipendeze. Ndizo utafiti wenyewe. Tafsiri ije mwisho.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kazi ni kubwa zaidi ya kusahihisha faharasa. Tenzi za Lamu na Pate zimejaa nyumba, na bado hazijapitiwa mstari kwa mstari kwa jicho la mtu anayetaka kujua mlango ulikuwa wapi. Idara mbili ambazo pengine majengo yake yanatazamana katika chuo kimoja zinaweza kumpa mwanafunzi mmoja wasimamizi wawili, mmoja wa ramani na mmoja wa lahaja. Kanuni za vyuo vingi zinaruhusu jambo hilo.

Muda nao unakwenda. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Ghaidan alipotoa kitabu chake mwaka 1975 leo ni mtu aliyefika miaka sitini. Aliyekuwa tayari bibi wa nyumba wakati huo, akijua msana uitwao wa yuu unapandwa kwa mguu gani na bi arusi huketishwa upande upi, hayupo, au yu mzee sana wa kuhojiwa kwa nusu saa tu, asubuhi, kabla jua halijakali.